Kandambili za Mzee Breki

Bwawa la kuogelea la bustani ya mji halikufungwa kwa saa. Lilifungwa kwa kandambili.

Kila aliyekata tiketi na kupita mlangoni alivua kandambili zake, akaziweka kwenye shelfu ndefu ya mbao iliyoegemea ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo, kisha akaenda majini miguu mitupu. Akitoka, anachukua zake. Jioni, filimbi ikishalia na watu wakishaondoka, mlinzi wa bwawa alisimama mbele ya shelfu ile akaikagua tangu mwanzo hadi mwisho. Ikibaki jozi hata moja, hakuna anayeondoka: maji yatatafutwa, vyoo vitatafutwa, vichaka vya bustani nzima vitatafutwa, mpaka apatikane mwenyewe. Shelfu ikiwa tupu, basi na bwawa ni tupu, na fundi wa pampu anaruhusiwa kumwaga dawa ya maji.

Utaratibu huu aliubuni mlinzi mwenyewe, mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Filimbi. Aliubuni akiwa bado mgeni kazini, baada ya kuona kwamba watoto hujificha, wakubwa hudanganya, na maji huwashinda wote kwa uongo: yakitulia, huwezi kujua kama yamemeza kitu. Kandambili, alipenda kusema, hazijui kudanganya.

Watu wakimwita mwokozi aliwakata kauli papo hapo. "Mwokozi ni mmoja na hakuajiriwa na manispaa. Mimi mlinzi wa bwawa. Na wewe, acha kukimbia, sakafu imelowa!"

Bustani yenyewe haikuwa ya kujivunia. Kulikuwa na bembea, moja imekatika mnyororo, na kiwanja cha mpira wa kikapu kilichobaki pete bila wavu. Viti vya saruji vilikuwa vimejaa majina ya wapenzi ambao wengine sasa walikuwa wanapelekana mahakamani. Lakini kwa mji usiokuwa na pa kupumzikia pengine, bustani ile ndiyo ilikuwa sebule ya kila mtu, na bwawa ndilo lilikuwa roho yake. Mabibi arusi walipigwa picha kando yake. Wazee walikandia magoti yao ndani yake. Na katika miaka yote ya Mama Filimbi, hakuna mtu hata mmoja aliyebebwa kutoka pale akiwa maiti. Hilo hakulisema kwa sauti. Alilibeba moyoni kama mtu anavyobeba yai mkononi.

Kisha macho yakaanza kumsaliti.

Yalianza upande wa kulia, kama ukungu wa kioo cha bafuni. Akadhani ni dawa ya maji. Akabadilisha sabuni, akalala mapema, akaacha kutazama televisheni. Ukungu haukuondoka, uligeuka giza, na giza likawa linasogea kutoka pembeni kuja katikati, polepole, kama pazia linalovutwa na mtu mwenye adabu. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakitarudi, alisema. Matone yatasaidia kulinda kilichobaki.

"Unafanya kazi gani, mama?" daktari akauliza huku anaandika.

"Nauza tiketi," akajibu Mama Filimbi.

Kuanzia siku hiyo akawa mwanafunzi wa shingo yake mwenyewe. Alijifunza kugeuza kichwa kila mara, kulia, katikati, kushoto, kulia tena, hata waogeleaji wakasema Mama Filimbi siku hizi amekuwa mkali, anatukodolea macho kama kamera. Alijifunza kusikiliza. Na shelfu, aliyokuwa akiikagua kwa jicho, akaanza kuikagua kwa mkono: alishika kitambaa, akapitisha kiganja juu ya mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba anafuta vumbi. Kandambili ikiwepo, mkono utaigusa. Mkono hauna presha.

Nyumbani hakumdanganya mtu. Mwanawe wa kike, fundi cherehani aliyefanyia kazi zake sebuleni, alisimamisha mguu juu ya pedali asubuhi moja akamtazama mama yake akimimina chai.

"Mama."

"Sema."

"Kikombe kiko huku. Hapo unainywesha meza."

Mama Filimbi akainua birika. Chai ilikuwa imeshafika kwenye kitambaa cha nguo ya mteja.

"Nilikuwa nafikiria mambo mengine."

"Jana ulifikiria mambo mengine ukagonga mlango. Juzi ukafikiria mambo mengine ukalisalimia koti la baba kwenye kamba, shikamoo mbili." Binti alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Mama, kazini wanajua?"

"Kazini wanajua nini? Kazini nimefika kabla wewe hujajua kutembea. Yale maji mimi nayajua kwa harufu."

"Watu hawana harufu wakiwa chini ya maji, mama."

Mama Filimbi akachukua mkoba wake, akavaa filimbi shingoni, akaondoka bila kunywa. Njia nzima aliyatafuna maneno yale, na hayakumezeka.

Sasa, miongoni mwa waliokuja bwawani alikuwepo dereva mmoja mstaafu wa mabasi ya masafa marefu, aliyeitwa Mzee Breki. Jina hilo alilipata kwa sababu kila alipoulizwa amefikaje uzeeni akiwa mzima katika kazi ile, alijibu kwamba wenzake walijali honi, yeye alijali breki. Mkewe alipofariki alianza kuja kila mchana, akaogelea kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, daima kwenye kona moja ya upande wa kina, karibu na ngazi ya chuma. Akitoka majini alikaa mlangoni mwa chumba cha Mama Filimbi wakapiga soga. Alimwita mwanangu, naye Mama Filimbi, ambaye baba yake alizikwa yeye akiwa bado na meno ya utotoni, aliipenda sauti ile kuliko alivyokubali.

Mzee alikuwa na kandambili za mpira wa bluu, pana, zilizolika kisigino. Mkewe ndiye aliyemnunulia. Siku moja ziliibwa kwenye shelfu, zikaja kuonekana stendi kwenye miguu ya mpiga debe mmoja ambaye alizirudisha kwa matusi. Mzee Breki alizishika tu kifuani. Mama Filimbi hakuvumilia kuona hilo.

"Mzee wangu, zako usiweke tena pale. Leta chumbani kwangu. Kuna msumari nyuma ya mlango."

Fundi wa pampu, mtu mnene mwenye domo, akadakia kutoka kwenye mashine zake. "Haya! Wengine kandambili zetu zinalala dampo, za Mzee zina hoteli. Chai ya asubuhi imo, dada?"

"Wewe za kwako hata mwizi anazikimbia kwa harufu."

Wakacheka wote watatu. Na jozi ya bluu ikahamia msumarini. Ilikuwa huruma tu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku ile utaratibu wa shelfu ulikuwa umetobolewa.

Siku tundu hilo lilipojulikana ilikuwa ya mapumziko, joto limekaba, bwawa limejaa mpaka maji yalikuwa yanapanda kingo. Mama Filimbi alizunguka mchana kutwa shingo ikimuuma. Jioni jua lilishuka upande wa kina likapiga maji, na bwawa lote likawa sahani ya bati inayowaka. Akapuliza filimbi. Watu wakatoka kwa kelele zao, wakanyang'anyana taulo, wakachukua kandambili, wakapita mlangoni kundi kwa kundi.

Mzee Breki kwa kawaida alitoka kabla ya filimbi. Mama Filimbi hakumwona akitoka, lakini siku hizi wapo wengi ambao hakuwaona wakitoka.

Akasimama ukingoni. Kulia, katikati, kushoto. Kulia tena. Kwenye kona ya ngazi ya chuma palikuwa na mng'aro unaochezacheza, akautazama kwa muda, akauona ni jua. Akageuka. Akaenda kwenye shelfu, akapitisha kitambaa. Mbao, mbao, mbao.

"Shelfu tupu!" akapaza sauti. "Fundi, mwaga!"

Fundi wa pampu akatoka na ndoo yake ya dawa, akazunguka kuelekea upande wa kina huku anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Ndoo ikaanguka kwa kishindo, na mara maji yakapasuka kwa uzito wa mtu mnene aliyejitupa na nguo zake zote.

"Dada! Dada, njoo!"

Alikimbia akifuata sauti. Wakamvuta pamoja. Mzee Breki alikuwa mzito kama gunia lililolowa, midomo imebadilika rangi. Hapo macho hayakuhitajika. Mikono ya Mama Filimbi ilijua pa kwenda: ikapata katikati ya kifua, ikabana, ikaachia, ikabana, akampulizia pumzi, akabana tena. Fundi alipiga magoti kando akirudiarudia, "Mzee, breki, mzee, funga breki, usiende." Kisha mzee akakohoa, akatapika maji, akavuta pumzi kwa mlio mzuri kuliko wowote ambao Mama Filimbi aliwahi kuusikia.

Gari la manispaa la kubebea taka za bustani ndilo lililompeleka hospitali. Fundi alipanda naye nyuma.

Mama Filimbi akabaki. Aliingia chumbani kwake kutafuta taulo, maana alikuwa amelowa, akausukuma mlango nyuma yake. Kitu kikamgusa shavu la kulia. Akageuza kichwa. Kandambili za bluu zilikuwa zinaning'inia msumarini, kisigino kimelika, zimetulia kama watu wanaosubiri kuitwa.

Akakaa sakafuni hadi kulipokuwa giza pande zote, siyo upande mmoja tu.

Kesho yake msimamizi wa bustani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakoma kuwa nguo, alimwita ofisini. Mama Filimbi aliingia akiwa amejiandaa kufukuzwa. Badala yake akavutiwa kiti.

"Mama, hongera sana. Nimetoka hospitali. Mzee amenieleza yote."

"Amekueleza nini?"

"Kwamba ulishapuliza filimbi, ukafunga, yeye kwa ukaidi wake akarudi majini kwa siri. Halafu wewe na fundi mkamwokoa." Akatabasamu. "Nimeshawaambia wakubwa. Watakupongeza mbele ya watu, hapa hapa bustanini. Tena nikawaambia, mnaona? Mnataka kufunga bwawa kwa kisingizio cha gharama, na huku tuna mlinzi kama huyu!"

Mama Filimbi akasema ahsante. Neno lilimtoka kama mwiba.

Mchana alikwenda hospitali, zile kandambili amezifunga kwenye kanga. Mzee Breki alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa ndevu, anabishana na muuguzi kuhusu uji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usikae upande huo, kaa huku, niwe kushoto kwako."

Akasimama alipokuwa. Muuguzi akaondoka na bakuli lake.

"Umejua," Mama Filimbi akasema.

"Nimejua jana. Mguu ulikaza ukawa gogo. Nikaishika ngazi kwa mkono mmoja, sauti haitoki, maji yanaingia. Nikakuona umesimama ukingoni. Nikasema, Breki, umepona, huyo hapo mwanao. Nikakupungia mkono." Akakunja shuka. "Ukanitazama, mwanangu. Ukanitazama kabisa, usoni. Halafu ukageuka."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomkata Mama Filimbi maini. Alitamani atukanwe.

"Kwa nini umemwambia msimamizi vile?"

"Kwani nikimwambia ukweli wewe utakuwa nani?"

"Hujajibu."

"Haya, najibu. Siyo kwa ajili yako tu, usijione." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Wale wanatafuta sababu. Wakijua mlinzi haoni, kesho bwawa lina kufuli. Mimi nitakwenda wapi mchana? Nikae nyumbani nitazamane na kiti cha marehemu? Pale majini angalau mwili unasahau. Kwa hiyo nyamaza. Mimi nimeshasema uongo wangu, umekaa vizuri, usiuharibu. Wewe geuza shingo zaidi kidogo. Nami nitatoka mapema. Yameisha."

"Na mwingine?"

"Mwingine nani?"

"Yule ambaye fundi hatamwona."

Mzee Breki akageukia ukuta. Mama Filimbi alifungua kanga, akaweka kandambili chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni, kama anavyopenda mtu anayetarajia kurudi nyumbani. Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake, "Mwanangu, tafadhali." Hakugeuka. Angegeuka, angekubali.

Hakwenda nyumbani. Alirudi moja kwa moja kwa msimamizi, akamkuta anakunja mikono ya shati aende zake. Alimwambia akiwa bado mlangoni, kwa sababu alijua akikaa kitini atapata maneno mengine ya kusema. Alimwambia jicho la kulia, giza la pembeni, kitambaa kwenye shelfu, msumari nyuma ya mlango. Alimwambia mzee alipunga mkono naye akamtazama.

Msimamizi alibaki na mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine haujakunjwa.

"Mama, kwa nini umeniambia?" alisema, karibu kulia. "Mimi nimeshawaambia wakubwa. Ungenyamaza tu, ungeomba kuhamia kwenye kazi ya maua kimyakimya, nani angejua?"

"Kuhamia kwenye maua kungechukua muda. Kesho asubuhi watoto wa shule wanakuja."

Akavua filimbi. Kamba ilikuwa imemzoea, ilikwama kwenye nywele. Ikabidi msimamizi amsaidie kuitoa. Aliiweka mezani, na wote wawili wakaitazama kana kwamba ni kidole cha mtu.

Bwawa likafungwa. Mzee Breki alikuwa amesema kweli kuhusu hilo. Kufuli likawekwa langoni, na watoto walikuja kulitikisa. Mama mmoja alimwambia Mama Filimbi sokoni kwamba ukweli wake umewanyima watu starehe yao ya pekee. Fundi wa pampu hakumsemesha kwa muda mrefu. Aliendelea kusafisha maji ambayo hakuna mtu aliyeyaingia, uso umevimba. Mzee Breki hakuonekana bustanini kabisa. Waliopita kwake walisema anashinda ndani.

Binti wa Mama Filimbi hakusema nilikwambia. Alimshonea mama yake mkoba wa kuwekea chupa ya matone, akautundika upande wa kushoto wa kitanda, basi.

Aliyevunja ukimya alikuwa fundi. Alikuja asubuhi moja mpaka mlangoni kwa Mama Filimbi, amesimama amejishika kiuno.

"Dada, manispaa wanasema akipatikana mlinzi watafungua. Hawapati. Mshahara wenyewe unachekesha. Nikasema mimi naogelea."

"Wewe huogelei, fundi. Wewe unaelea, kwa sababu ya tumbo."

"Si ndiyo maana nimekuja unifundishe?" akafoka. "Siku ile nilimvuta mzee kwa bahati. Sitaki bahati nyingine."

Wakaanza. Kila asubuhi, nyuma ya kufuli, fundi alijitupa majini na Mama Filimbi akasimama ukingoni akimsikiliza: pumzi yake, mguu wake, jinsi anavyovuta gunia la mchanga kutoka chini. Alimfundisha asitazame maji bali atazame watu. Alimfundisha kuhesabu vichwa vinavyozama na kusubiri vitoke. Aliyafundisha yote aliyoyajua, na kila alichokifundisha alihisi kinamtoka yeye, kama mtu anayegawa nguo zake mwenyewe.

Bwawa lilipofunguliwa tena, Mama Filimbi alikuwa amekaa kwenye dirisha la tiketi. Ilikuwa nafasi pekee iliyokuwepo. Alipokata tiketi ya kwanza alikumbuka alichomwambia daktari, na kwa kitambo kidogo hakuweza kurudisha chenji.

Alasiri akasikia hatua anazozijua, zenye kisigino kilicholika.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba." Sauti ilikuwa kavu. Sarafu zikawekwa dirishani. Hatua zikapita, zikaelekea chumba cha mlinzi, zikasimama. Zikarudi.

"Msumari uko wapi?"

"Nimeung'oa."

Mzee Breki akainama kwa magoti yake mabovu, akavua, akaziweka kwenye shelfu katikati ya kandambili za watu wote.

"Zikiibwa," alisema, "utaninunulia wewe."

"Zikiibwa tutakutafuta majini mchana kutwa kwanza."

Hakucheka. Lakini hakuondoka mara moja pia. Alisimama pale kidogo, mkono umeegemea dirisha, karibu na wake. Kisha akaenda majini.

Jioni filimbi ililia. Fundi aliipuliza vibaya, kwa mlio mrefu wa kulegea, na Mama Filimbi akabana meno kama mtu anayesikia mwanawe akikosea hesabu. Watu walitoka. Kandambili zikaondoka moja moja. Kisha fundi akapaza sauti, na safari hii sauti haikulegea:

"Jozi moja imebaki! Mlango ufungwe! Asitoke mtu!"

Mama Filimbi alisimama dirishani. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma. Kutoka pale alipokuwa, kona ya ngazi ya chuma ilikuwa upande wake wa giza, na alijua hata akigeuza kichwa asingeona kitu kwa jua lile. Hakukigeuza. Alingoja, kama wengine wote waliokuwa langoni walivyongoja, wakinung'unika, kandambili zao miguuni.

Ndipo akasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye mwili wa mtu, ngazi ya chuma ikilia, na sauti ya Mzee Breki ikilalamika kwamba mtu hawezi hata kupanda kwa amani bila kupigiwa kelele kama mwizi.

"Huyu hapa," fundi akasema. Mzee alipovaa kandambili zake za bluu, akaongeza, "Shelfu tupu."

Mama Filimbi akaketi, akaanza kufunga dirisha.